Kupunguza kelele ndani ya Land Cruiser ya kazi bila kumaliza akiba

Mama yangu alikuwa ananyamaza kila tukianza safari. Kutoka Kibakwe tupite Mpwapwa, tutokee Mbande, hadi tuingie Dodoma mjini, akiwa na neno alinigusa bega na kusema, "Zima kwanza gari, mwanangu, ndipo nikuambie." Nilidhani ni masikio ya uzee. Siku moja akapanda gari dogo la mpwa wangu, wakaja wanazungumza njia nzima. Hapo nikajua kwamba tatizo ni gari langu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser haditopu ndefu, modeli ya HZJ75, injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda 6. Nalitumia kuchanja mifugo vijijini, na silibadilishi. Lakini mtu akikaa ndani kwa muda wa saa nne hadi tano, kelele ile inamla. Wataalamu wa afya ya kazi wanahesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka, na wapo wanaopunguza muda huo kwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii anasa, tunazungumzia masikio yako na ya unaowabeba.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza. Mpe mwenzako chaki, endesha kilomita 40 kwa saa, kisha 60, kisha 80, naye aweke kiganja kwenye paa, mlango, sakafu, na kile kibati kinachotenganisha miguu yenu na injini. Pale kelele inapopungua chini ya kiganja chake, atie alama. Kwangu alama nyingi zilikuwa juu ya paa la nyuma na juu ya matairi ya nyuma. Sakafu, ambayo ningeanza nayo, ilikuwa ya tatu.

Sikiliza pia vitu visivyohusiana na bati. Jeki inayogonga, spana zinazocheza ndani ya sanduku, ekzosi inayovuja kwenye maungio, mipira ya kushikilia injini iliyokufa. Hakuna zulia litakaloficha mpira wa injini uliochoka, badilisha. Na kama unatumia matairi ya tope yenye meno makubwa wakati njia zako ni changarawe na lami, mngurumo mwingi unaousikia ukifika 80 unatoka huko. Siku ya kununua mengine, chagua ya njia zote.

Sasa nije kwenye matundu, maana hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na mimi napaona kuwa ndipo moyo wa kazi yote ulipo. Hewa ikipita, sauti inapita. Tundu la upana wa kidole linaweza kuharibu kazi ya zulia zima. Sisi wa Dodoma tumepewa msaada ambao watu wa nchi zenye mvua hawana: vumbi. Safisha gari ndani kabisa, futa kila ukingo kwa kitambaa kibichi, kisha nenda njia ya vumbi mwezi wa Agosti au Septemba, madirisha yote yamefungwa. Ukirudi usifute kitu. Chukua tochi uangalie: kila penye mstari au kipepeo cha vumbi jekundu pana mlango wa kelele. Mimi nilikuta kumi na moja. Buti la gia, ule mpira unaofunika shina la gia, lilikuwa limechanika kwa chini, vizibo vya mpira vya sakafu vitatu havikuwepo, waya za redio zilipita kwenye tundu tupu, na mlango wa nyuma ulikuwa umeacha kukaza upande wa bawaba.

Kwa milango tumia kipande cha gazeti. Kifunge mlangoni kisha kivute. Kikitoka bila kubishana na mkono wako, mpira haukamati hapo. Mara nyingine dawa ni kurekebisha kitasa tu mlango uingie ndani zaidi. Mpira ukiwa umekauka na kupasuka, ng'oa wote, usiunge vipande. Wa mlango wa nyuma niliupata kwa fundi anayekata magari yaliyokufa, ukiwa bado laini, nikauosha kwa sabuni na kuubandika.

Matundu madogo yajaze kwa gundi ya bodi, ile nyeusi inayobaki na unyumbufu. Silikoni ya madirisha yenye harufu kali kama siki usiipake kwenye bati tupu, asidi yake inaleta kutu. Na matundu yaliyo chini kabisa ya milango yaache wazi, yamewekwa ili maji ya mvua yatoke.

Mwisho wa hatua hii, kabla sijabandika chochote, mama alisema, "Leo mbona umeendesha taratibu?" Sikuwa nimeendesha taratibu.

Baada ya matundu, bati. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Basi ligonge debe tupu halafu ulishike kwa kiganja: linanyamaza. Hukulifunika, umelizuia kutetema tu. Ndiyo sababu huhitaji kuvika gari zima. Kinachofanya kazi ya kiganja hicho ni karatasi nzito za mpira wa butili zenye foili ya alumini juu, unene wa milimita 2, zinazouzwa kwenye maduka ya redio za magari. Robo hadi nusu ya eneo la kila bati inatosha, ukibandika katikati ya bati tambarare, mbali na kingo na mikunjo ambayo tayari ni migumu. Fundi mmoja aliniambia ninunue za kufunika kila sentimita. Ningetumia mara mbili ya fedha na nisingesikia mara mbili ya utulivu.

Toa viti na zulia, hifadhi bolti za kila kiti kwenye kopo lake. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke siku nzima. Futa mafuta kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Tandaza karatasi za butili juani dakika chache zilainike, kisha bandika na usukume kwa kifimbo cha chapati kwa nguvu mpaka vile vimiraba vya foili vilale. Nunua kifimbo cha kazi hiyo peke yake, kwa sababu gundi yake haitoki. Gonga bati kwa kidole kabla na baada: kutoka "ngwee" inakuwa "du".

Mtu atakushauri utumie lami ya kuzuia paa la nyumba lisivuje, kwa kuwa ni rahisi. Niliijaribu kipande kimoja darini. Jua la Oktoba lilipokolea, iliachia, ikaning'inia, na gari likanuka lami wiki tatu. Juu ya kichwa usiiweke.

Trei za mayai nazo ziache. Ni nyepesi mno kuzuia mngurumo wa dizeli, zinakusanya vumbi na zinashika moto.

Sakafuni panahitaji tabaka mbili: laini chini, nzito juu. Laini iwe sponji ya aina ya kandambili au mikeka ya mazoezi, isiyonywa maji. Ukiwa na shaka, izamishe kipande kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi ukikamue. Kikitoa maji, usikinunue. Vipande vya godoro vinanyonya kama kitambaa, na chini yake bati litaoza usijue. Juu yake tandika mpira mzito wa sakafu unaouzwa kwa mita. Tafuta wa karibu kilo 5 kwa mita ya mraba, maana uzito ndio unaozuia sauti. Kata kwa kuigiza zulia la zamani, usiugundishe. Nataka niweze kuutoa nikimwaga dawa au maziwa.

Sponji isikae juu ya sehemu ambayo ekzosi inapita karibu na sakafu, wala usiipeleke upande wa injini. Na ukifanya kazi karibu na waya, fungua kwanza terminali ya betri.

Kwenye paa, juu ya butili niliweka sponji nyembamba ya foili kisha nikarudisha dari. Faida ya pili ni joto: saa saba mchana kisanduku cha chanjo hakipigwi tena na joto la bati kama zamani.

Kazi yote ilinichukua wikendi tatu na shilingi 385,000, karibu nusu yake butili. Nilipopima kelele kwa simu ileile, mahali palepale, kasi 80, kipimo kilishuka kutoka desibeli 84 hadi 78. Simu si kifaa cha maabara, lakini kwa kulinganisha kabla na baada inafaa. Sikio huhisi kelele imepungua nusu zikishuka desibeli 10 hivi, kwa hiyo yangu haijafika nusu. Injini bado naisikia, na ninataka niisikie.

Mvua za kwanza zikinyesha Desemba, inua mpira wa sakafu pande zote nne na upapase chini kwa mkono. Pakiwa na unyevu, kuna tundu ulilolisahau. Mwaka jana kwangu lilikuwa chini ya pedali ya klachi. Mama ndiye aliyeniambia, tukiwa tunapanda kilima, kwamba anasikia maji yakicheza miguuni.