Lisbon kwa siku moja, kwa macho ya mtu wa Mombasa

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Fort Jesus. Kila siku nasema maneno yale yale: Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaichukua 1698. Safari moja ndege ikaniweka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa muda wa saa 13 nikisubiri ya kuunganisha, na viza ya Schengen ninayo (bila hiyo, mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hatoki uwanjani). Nikasema leo zamu yangu, nami nikawatembelee kwao.

Kabla ya yote, angalia viatu. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinang'aa, na mji wenyewe ni vilima vitupu. Vaa soli ya mpira. Mimi nilivaa makubadhi, nikateleza mbele ya kundi la watoto wa shule.

Uwanjani nunua tiketi ya saa 24 inayotumika kwenye metro (treni ya chini ya ardhi), mabasi na tramu. Panda laini nyekundu, shuka Alameda, badilisha uchukue ya kijani mpaka mwisho wake, Cais do Sodré. Ukitoka nje tafuta tramu namba 15E ikupeleke Belém, mtaa ulio kando ya mto. Usiende Jumatatu! Monasteri ya Jerónimos hufungwa siku hiyo. Na ufike kabla milango haijafunguliwa, maana foleni yake ni ya kivuko cha Likoni saa moja asubuhi.

Hapa ndipo pa kutulia. Ujenzi ulianza 1501, na sehemu ya gharama ililipwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Yaani na bahari yetu imechangia. Tazama nguzo: mafundi wamechonga kamba za meli kwenye jiwe, fundo kwa fundo. Ukiingia kanisani kwa mlango wa magharibi, kushoto kwako kuna kaburi la Vasco da Gama, na jahazi limechongwa ubavuni. Mkabala naye amelazwa mshairi aliyemsifu. Da Gama aling'oa nanga hapa Belém tarehe 8 Julai 1497. Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa, ambako mambo yalimharibikia, kisha Malindi, alikopata rubani wa kumvusha hadi India. Miaka yote namtaja mbele ya wageni, na siku hiyo nilisimama juu ya kichwa chake nisijue la kumwambia. Nikamwambia, "Ngome yenu bado imesimama," nikaenda zangu.

Vuka barabara uelekee mtoni. Chini ya mnara wa mabaharia wa 1960 kuna dira ya mawe yenye kipenyo cha mita 50, zawadi ya Afrika Kusini, na katikati yake ramani ya dunia. Watu hupiga picha wakiwa juu ya Ureno. Wewe tembea mpaka pwani yetu ukasimame hapo.

Kisha kula pastel de nata, kikeki cha maziwa na mayai kinachonyunyiziwa mdalasini. Duka maarufu la Belém linauza tangu 1837. Foleni ya mlangoni mara nyingi ni ya wanaofungashiwa. Ndani kuna vyumba na vyumba vya kukaa. Ukipewa meza, sikiliza mhudumu: mesa. Glasi yako ni copo. Kitambaa cha kichwani dukani ni lenço, ndiyo leso yetu. Na pale kanisani umesoma igreja, neno lililotuletea gereza. Kwao pa kusali, kwetu pa kufungwa. Hilo wageni wangu hulicheka kila mara.

Mchana agiza samaki wa kuchoma. Mkate na zeituni zinazowekwa mezani bila kuitishwa zinalipiwa, kwa hiyo kama huzitaki zirudishe mapema. Supu ya caldo verde ina majani yanayofanana na sukuma wiki, lakini huwekwa soseji ya nguruwe. Sema "sem porco", bila nguruwe.

Rudi na 15E hadi uwanja wa Praça do Comércio. Mitaa ya Baixa, katikati ya mji, imenyooka kama rula kwa sababu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na moto na mawimbi, liliufuta mji wa zamani ukajengwa upya. Ipite haraka. Tramu ya 28 nayo iache: imejaa, na wachomoaji wa mifuko wanaipenda kuliko watalii. Panda kwa miguu hadi kanisa la Santa Luzia. Ukutani mwake kuna vigae vya buluu vinavyoonyesha uwanja ule ule uliotoka sasa hivi, jinsi ulivyokuwa kabla ya tetemeko.

Chini yake ni mtaa wa Alfama, ulionusurika kwa sehemu kubwa. Vichochoro, nguo zimeanikwa madirishani, bibi mlangoni anakutazama unavyopita: Mji wa Kale wa Mombasa kabisa. Jina lenyewe ni la Kiarabu, la chemchemi za maji moto, ndugu wa hamamu ya Hamamni kule Unguja. Hapa kunja ramani. Kila kichochoro kinachoteremka mwishowe hukutoa karibu na mto, na huko ndiko iliko stesheni ya Santa Apolónia. Laini ya buluu hadi São Sebastião, kisha nyekundu hadi uwanjani. Mimi nilifika zimebaki saa mbili na nusu, na mdalasini ungali kwenye shati.