Kubadilisha Mfumo Kazini Bila Kuwapoteza Watu

Kazi yangu ni kusimamia mabadiliko ofisini: mfumo mpya wa malipo, idara mbili kuunganishwa, fomu za karatasi kuhamia kwenye kompyuta. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni uongozi kutangaza uamuzi kwa barua pepe Ijumaa jioni. Jumatatu watu wanaripoti kazini uvumi umeshaota mizizi.

Anza na wasimamizi wa zamu. Wao ndio wataulizwa kwanza, hivyo waambie kabla ya mkutano mkuu: nani ataguswa, lini, na je, kuna atakayepoteza kazi? Hilo la mwisho usilizunguke. Kama jibu bado, taja siku litakapotolewa.

Kisha kaa na mwenye kuifanya kazi yenyewe. Karani wa stoo anajua kwa nini ile fomu ina nakala tatu. Mshauri aliyeletwa kutoka nje hajui. Ukiifuta fomu hiyo bila kumuuliza karani, mhasibu atakosa ushahidi wa mzigo uliopokelewa, na lawama zitaangukia kompyuta.

Mafunzo yafanyike wiki ileile mfumo unapoanza, kwa kazi halisi za watu (slaidi tupu hazimfundishi mtu). Weka tarehe ya kufunga mfumo wa zamani na uufunge kweli, la sivyo watajaza kotekote na hesabu zitagongana.

Anayepinga kwa sauti mimi namsikiliza vizuri. Ninayemhofia ni yule anayeitikia kila kitu mkutanini, kisha anarudi kwenye daftari lake. Huyo mfuate mezani, umwombe akuonyeshe alivyoingiza kazi ya jana.