Mzunguko wa Usiku Mmoja Mlimani Meru: Namna ya Kuupanga kutoka Arusha

Wakazi wengi wa Arusha huutazama Mlima Meru kila asubuhi, lakini wanapozungumzia kuupanda huwa wanafikiria kilele tu, chenye mita 4,562, ambacho kwa kawaida huhitaji siku tatu hadi nne. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, siku hizo hazipatikani kirahisi, na hivyo safari huahirishwa mwaka hadi mwaka. Ipo safari nyingine inayotosha siku mbili na usiku mmoja: unaanzia lango la Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unapanda kwa njia ndefu inayopita kwenye tao la mkuyu, yaani uwazi chini ya mizizi ya mti mkubwa, unalala kwenye vibanda vya Miriakamba kwenye mwinuko wa mita 2,514, na kesho yake unashuka kwa njia fupi hadi pale pale ulipoanzia. Anayeuona mzunguko huu kama kilele kilichokosekana atauharakisha na kuuharibu. Uupange kama safari kamili, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Jambo la kwanza la kuamua ni upande wa kuanzia. Kati ya Momella na Miriakamba kuna njia mbili. Ile ndefu huzunguka kusini, sehemu kubwa ikiwa pana na yenye mwinuko wa taratibu, ikipita msituni. Ile fupi hupanda moja kwa moja na kwa ukali zaidi. Nashauri kwa msisitizo kupanda kwa ndefu na kushuka kwa fupi. Siku ya kwanza una nguvu, una mchana mzima mbele yako, na mwili unahitaji kuzoea mwinuko polepole. Siku ya pili una hamu ya kurudi na begi limepungua uzito. Tena, ukipanda kwa njia fupi utafika kambini mapema ukiwa umechoka, nao msitu, ambao ndio hazina ya safari yenyewe, utaupita kesho yake ukiwa unawaza gari. Ila fahamu kwamba askari wa hifadhi mara nyingi huongoza makundi kadhaa kwa pamoja, na kundi kubwa likitaka njia fupi huenda mkajikuta mnaifuata kwenda na kurudi. Kwa hiyo ombi la njia ndefu lisemwe wakati wa kuweka nafasi, kisha lirudiwe langoni kabla ya kuanza kutembea.

Ratiba ipangwe kwa kuhesabu mwanga. Huku kwetu jua huchwa karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia kwa haraka. Chini ya miti mikubwa huingia mapema zaidi. Njia ndefu huchukua saa nne hadi tano kwa mwendo wa kawaida, pamoja na vituo vya kutazama na kula. Ukiongeza saa moja na nusu ya kutembelea sakafu ya kreta, yaani shimo la volkano la mlima huu, baada ya kufika, utaona kwamba ni lazima mguu wa kwanza uondoke Momella ifikapo saa 4 asubuhi. Rudi nyuma tena: taratibu za langoni zinaweza kula saa nzima, hivyo gari liwe limefika saa 3 au kabla. Kutoka mjini unafuata barabara ya Moshi hadi Usa River, unakata kushoto, unaingia kwa lango la Ngongongare, unapita uwanda wa Serengeti Ndogo na kuendelea ndani ya hifadhi hadi Momella. Ondoka Arusha saa 12 asubuhi. Anayetoka Moshi aondoke mapema zaidi, na anayetoka Dar es Salaam alale Arusha usiku wa kuamkia safari, kwa ajili ya muda na pia kwa ajili ya mwili, kwani mji wetu uko kwenye mita 1,400 hivi na usiku mmoja hapa humsaidia mtu wa pwani kuanza kuzoea.

Kuhusu majira, epuka masika, yaani Machi hadi Mei, ambapo njia huteleza na mawingu hufunika kila kitu unachokwenda kukitazama. Vuli ya Novemba na Desemba hubadilikabadilika. Januari na Februari ni miezi mizuri, na vivyo hivyo Septemba. Juni hadi Agosti ni kiangazi, lakini ni kiangazi cha baridi na ukungu wa asubuhi, jambo ambalo kila mtu wa Arusha analijua kwa mwili wake.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa njia ya kielektroniki, si kwa fedha taslimu, na raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini sana kuliko wageni kutoka nje, ilimradi wawe na kitambulisho. Uliza mapema ofisi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambazo makao yake makuu yako hapa Arusha, wakupe mchanganuo wote: kiingilio, malazi ya kibanda, ada ya askari na ada ya uokoaji. Nafasi za kulala Miriakamba ni chache wakati wa msimu wa watalii, na kufika langoni bila kuwa na nafasi ni kupoteza siku.

Askari mwenye bunduki ni sharti, wala si pambo. Uwanda ulio karibu na Momella una nyati, twiga na ngiri, na nyati hukutwa hata ndani ya msitu. Hatari huongezeka pale kundi linapotawanyika, mmoja akiwa mbele kwa haraka na mwingine nyuma akipiga picha, kwa sababu nyati aliyelala kichakani huwaruhusu wa kwanza kupita kisha akamshtukia wa mwisho. Tembeeni kwa kufuatana karibu, mwendo uwe wa yule aendaye polepole kuliko wote, na mtu akihitaji kujisaidia asiingie kichakani kabla ya kumwambia askari. Askari mzuri ni mwalimu pia. Muulize juu ya mbega weusi wenye mikia myeupe wanaoruka juu ya njia, na juu ya miti ya mtarakwa.

Tao la mkuyu lenyewe linastahili kusimamiwa kwa muda. Mkuyu wa aina hii huanza kama mbegu iliyoangushwa na ndege au nyani juu ya mti mwingine. Mizizi yake huteremka hewani hadi ardhini, hunenepa, huushika mti mwenyeji pande zote, na baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na kuoza, ukabaki mkuyu umesimama kwa mizizi yake. Hapa umeacha uwazi unaotosha gari kupita chini yake. Ukisogea karibu utaona namna mizizi ilivyoungana pale ilipogusana, gome likawa moja. Juu zaidi, hewa inapopoa, kwenye matawi huanza kuning'inia ndevu za kijivu za kuvu-mwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, zinazonyonya unyevu wa mawingu. Hapo vaa sweta kabla hujahisi baridi, kwa maana jasho likipoa mgongoni ni vigumu kulipasha moto tena.

Sasa begi. Kanuni ninayoishika ni kwamba lisizidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili wako, na kwa usiku mmoja kibandani halina sababu ya kuzidi. Miriakamba ina vyumba vyenye vitanda vya dabodeka na magodoro, kwa hiyo huhitaji hema. Unahitaji mfuko wa kulalia unaofaa baridi. Kukisia joto la usiku, chukua lile la Arusha na uondoe nyuzi 6 hadi 7, kwani hewa hupoa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Beba koti la mvua hata Februari, kofia ya sufu, tochi ya kichwani yenye betri mpya, filimbi, na buti ulizokwisha kuzivaa wiki kadhaa mjini. Jozi moja ya soksi na fulana ya kulalia zifungwe peke yake ndani ya mfuko usiopenya maji na zisiguswe mpaka jioni. Fulana za pamba ziachwe nyumbani, maana zikilowa hazikauki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi tumia mifuko ya kitambaa na makopo yenye vifuniko, na taka zote zirudi nawe.

Kwa chakula sioni haja ya vitu vya madukani vya bei kubwa. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga na ndizi mbivu hutosha mchana. Jioni wali au tambi zenye dagaa au maharage yaliyochemshwa tangu nyumbani. Asubuhi uji wa ulezi. Jiko dogo la gesi litumike mahali palipotengwa tu. Usiwashe moto wa kuni hata kidogo: Oktoba 2020 watu wa Moshi waliona usiku miali ya moto uliokuwa ukila mimea ya Kilimanjaro, na moto wa aina hiyo hauzimwi na mtu mwenye ndoo.

Maji yanahitaji maelezo zaidi. Beba lita tatu kila mmoja kutoka mjini, na uulize langoni hali ya maji kambini. Maji mengi yanayotoka Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo sababu ya meno ya kahawia kwa wengi waliokulia Ngarenanyuki na vijiji vya jirani. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakupunguzi floraidi. Usiku mmoja hautakudhuru, kwani madhara yake huja kwa kuyanywa miaka mingi, hasa utotoni. Hata hivyo maji ya kijito yachemshwe au yatiwe dawa.

Kwenye mwinuko huu wengi huhisi uchovu tu. Maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kutapika ni jambo jingine: mwambie askari mara moja, na ushuke, wala usisubiri kukuche ili uone kama yatapungua.

Ukifika kambini, kunywa chai, kisha muombe askari awapeleke sakafuni mwa kreta kabla ya saa 11. Ukuta wa mwamba unaoinuka mbele yako una zaidi ya mita 1,000, na ndani yake imesimama koni ya majivu ya volkano. Upande wa mashariki hauna ukuta kwa sababu uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Kifusi chake ndicho kilichotengeneza vilima na maziwa ya Momella unayoyaona chini.

Asubuhi amka saa 11 na nusu, ujifunike vizuri, utazame jua likichomoza upande wa Kilimanjaro. Saa 3 muwe njiani. Kushuka kwa njia fupi huchukua saa mbili hadi tatu na hukandamiza magoti, hivyo kaza kamba za buti, fupisha hatua, na utumie gongo. Langoni hakikisha majina yenu yote yameandikwa kuwa mmetoka. Ikiwa gari ni lenu, zungukeni maziwa ya Momella kuwatazama heroe kabla ya kuelekea Usa River, mkikumbuka kumuuliza mhudumu wa lango kiingilio chenu kinaishia saa ngapi.