Kabla hujanunua mashine ya maji ya ofisi

Kwanza jua maji yenu yanatoka wapi. Ya bomba Kampala huvutwa kutoka Ziwa Victoria na kusafishwa Ggaba na Katosi, na si magumu. Kazi iko kwenye visima virefu, hasa penye mwamba wa chokaa kama Tororo na Hima, ambako jiwe hilohilo huchomwa kuwa saruji. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu na magnesiamu, na hizo ndizo zinayafanya magumu. Usitegemee majibu ya jirani, visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana.

Pima mwenyewe. Kwangua sabuni ya mche, tia kwenye chupa ya maji, tikisa. Povu likijaa, shukuru. Ukiona ukungu mweupe na mabonge yanayoelea, ni magumu. Sabuni ya unga itakudanganya, maana hiyo hutoa povu popote. Kisha peleka sampuli maabara. Zaidi ya miligramu 180 za chokaa kwa lita ni magumu sana. Wapime na vijidudu, usikubali karatasi yenye jibu moja.

Chujio la mkaa huondoa harufu na klorini, chokaa linaiacha ilivyo. La mshumaa wa kauri nalo linaiacha. Mtambo wa kulainisha kwa chumvi hutoa chokaa lakini huingiza sodiamu, kwa hiyo mwenye presha amuulize daktari kwanza.

Sasa hili la kujaza chupa tupu. Kuna ofisi Tororo nilikuwa naingia kikazi. Mkuu aliona chupa za lita 20 zinamaliza hela, akaamuru askari wa getini azijaze maji ya kisima, mradi yamechemshwa. Kila jioni askari na sigiri yake nyuma ya jengo. Kuchemsha kunaua vijidudu na kushusha sehemu ya chokaa chini ya sufuria, lakini inayobaki inaingia kwenye tangi la mashine na kuganda humo kila maji yanapopashwa. Mwanzoni mkuu alisifiwa. Baadaye chai ikaanza kuota utando juu, kisha bomba la maji ya moto likawa linadondosha tu. Fundi alipofungua tangi, vipande vyeupe vilimwagika sakafuni kama maganda ya mayai, na koili ya kupashia maji imeungua. Chupa nazo, zilizokuwa zikikaa dirishani juani, zilikuwa na ukijani ndani, pale brashi isipofika. Wafanyakazi waliokuwa wakiharisha walilaumu chokaa. Chokaa haiharishi hivyo. Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Mimi nalaumu zile chupa, na mikono iliyokuwa ikishika midomo ya chupa hizo. Aliyefokewa ni askari, bila shaka.

Birika la umeme litoe ukoko kila mwezi: siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, zima, chomoa, acha saa moja, suuza mara kadhaa. Usikwangue kwa kisu.

Chupa za kununua zikague alama ya Q ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), kizibo na tarehe, na zisikae juani. Bomba za mashine zifutwe. Kisima kikiwa karibu na choo, mvua zikianza pima tena, hata kama majibu ya mwezi jana yalikuwa mazuri.