Michopo ya Lubumbashi: chagua nyama ikingali mbichi

Ukishuka mitaa ya Kamalondo au Kenya hapa Lubumbashi jioni kutafuta michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, usikimbilie vipande vilivyokwisha kuiva pembeni ya jiko. Mara nyingi vimekaa hapo vikipashwa tena na tena, na mbuzi akipashwa hivyo hukauka akawa kamba. Mwombe mchomaji akuonyeshe nyama mbichi, umwonyeshe kipande unachokitaka, mpatane bei kabla hakijagusa moto. Mimi huomba mbavu. Zina mafuta kiasi, na mfupa huipa nyama ladha ambayo paja halina.

Kisha angalia makala, yaani makaa ya jiko. Yakiwa bado yanatoa ndimi za moto, subiri. Mafuta yakidondokea humo moto huruka, nyama inaungua nje na ndani inabaki na damu. Makala yaliyovaa majivu meupe ndiyo yanayochoma vizuri, polepole. Chumvi inatosha. Kitunguu kibichi na pilipili vije kando, na bukari (ugali) ya moto kama una njaa ya kweli.

Kwa hamburger sheria ya kuiva ni nyingine. Mbavu nzima haina shida ikibaki nyekundu kidogo katikati, lakini nyama ya kusaga imechanganya nje na ndani, vijidudu vimeingia mpaka katikati, kwa hiyo iive yote, nyuzi 71 za Selsiasi. Ukiikata ukakuta rangi ya waridi, irudishe jikoni bila haya. Mpishi mzuri hatakasirika.