Kuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa baiskeli, Jumamosi na Jumapili: hatua kwa hatua kutoka Moshi

Vijana wawili wa kazini kwetu walitaka kuzunguka mlima kwa baiskeli, mzigo wabebe wenyewe, Jumatatu asubuhi wawe ofisini. Niliwaandikia maelezo kwenye simu. Tangu warudi, maelezo hayo yamesambazwa mpaka yamekatika vipande, kwa hiyo nayaandika upya hapa yakiwa mazima.

Mzunguko wenyewe ni huu: Moshi, Himo, Marangu, Mwika, Mkuu Rombo, Tarakea, Rongai, Kamwanga, Kitendeni, Olmolog, Ngarenairobi, Sanya Juu, Boma Ng'ombe, kisha Moshi tena. Unakaribia kilomita 250. Huingii hifadhini, unapita vijijini na kwenye mashamba ya miti chini ya msitu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha anzia mashariki

Machi hadi Mei ni masika, kaa nyumbani. Novemba na Desemba mvua za vuli zinaweza kukuharibia. Januari, Februari na kuanzia Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya safari hii, ila Julai usiku wa Rongai una baridi kali, beba sweta la maana.

Wengi huanzia Boma Ng'ombe kwa sababu wamezoea njia ya Arusha. Mimi nasema anzia Himo. Moshi ipo kama mita 900 juu ya usawa wa bahari na Rongai inakaribia mita 2,000, kwa hiyo lazima upande. Upande wa Marangu na Rombo unapandia lami, kwenye migomba na kivuli, duka la Mangi kila kona. Ukianzia magharibi utapanda kwenye jua na vumbi, halafu ufike sehemu kavu kabisa ukiwa umeshachoka.

Hatua ya 2: Baiskeli

Baiskeli ya gia, fremu ya chuma, magurudumu saizi 26. Baiskeli za kisasa za saizi 29 ni nzuri, sibishi, lakini ukikwama Kamwanga mwambie fundi akupe tyubu ya 29 uone atakavyokutazama. Vijijini utakuta 26 na 28, basi. Badilisha mipira ya breki kabla ya kuondoka na ubebe jozi moja ya akiba, maana vumbi la njiani linaitafuna kwenye mteremko. Cheni ipake mafuta kidogo na ufute kwa kitambaa. Mafuta yakizidi yanakamata vumbi, na mchana cheni inalia kama kinu kibovu.

Hatua ya 3: Mzigo

Usibebe begi mgongoni. Kilomita 30 za kwanza utaona sawa, baada ya hapo mabega na makalio yatakudai. Vitu vizito viwe chini na katikati: maji kwenye fremu, spana na tyubu kwenye kibegi chini ya siti. Nguo na blanketi jepesi vifunge kwenye keria kwa kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu, zile wanazofungia mizigo bodaboda. Ni bora kuliko zile zenye ndoano za dukani, kwa sababu ndoano inafyatuka kwenye mashimo na kuingia kwenye spoku. Kaza nati za keria asubuhi na jioni.

Hatua ya 4: Magurudumu na miiba

Hapa tukae kidogo.

Upande wa kaskazini wa mlima mvua ni chache kuliko Marangu. Ukishapita Kamwanga migomba imekwisha, unaingia kwenye migunga na njia za mifugo. Mtu mwenye mapafu ya kukimbia nusu marathoni anakaa pale barabarani nusu siku kwa sababu ya pancha tu.

Miiba ni ya aina mbili. Ule wa mgunga ni mrefu, mweupe na mgumu. Unapenya tairi, unapenya tyubu, na mara nyingine unatokea upande wa pili wa tyubu hiyo hiyo. Mbigiri ni kadude kakavu kenye ncha kila upande, kanatokana na mmea unaotambaa ardhini, na hata kadondokeje, ncha moja itatazama juu. Mwiba wa mgunga unausikia: upepo unatoka, unasimama. Mbigiri inatoboa sehemu nne tano kimya kimya, unakuja kugundua tairi limelegea ukiwa mbali na kivuli.

Kinga ya kwanza ni tairi jipya na pana, hasa la nyuma linalobeba mzigo. Kinga ya pili ni ya mafundi wetu wa mtaani, nami naiamini kuliko vitu vya bei mbaya: chukua tairi jembamba lililokwisha, kata kingo zake zenye waya, ubaki na utepe wa katikati, uweke ndani ya tairi lako kati ya tairi na tyubu. Mbigiri haifiki. Lakini sikiliza: ncha mbili za utepe zinapokutana lazima uzichonge ziwe nyembamba kwa kisu, na upake poda ya mtoto kote ndani. Usipofanya hivyo utepe wenyewe utasugua tyubu mpaka uitoboe, na utatafuta mwiba usiokuwepo.

Kinga ya tatu ni dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tyubu kupitia valvu. Inaziba vitundu vya mbigiri vizuri. Haizibi mchaniko, na inakauka ndani kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo dawa uliyoweka mwaka jana usiihesabu. Ukiwa na dawa, mwiba ulioingia uache mpaka ufike kijijini, kisha uchomoe na uzungushe gurudumu ili dawa ifike kwenye tundu. Kama huna dawa, chomoa mara moja, maana kila mzunguko unauzamisha zaidi.

Kuhusu valvu, mimi nataka ya gari, ile nene. Pampu yoyote ya fundi wa pikipiki inaingia, na kituo chochote cha mafuta kinakujaza. Valvu nyembamba ya baiskeli za mbio inahitaji pampu yako, na pampu yako ikifa umekwisha.

Sasa tabia, ambayo ni kubwa kuliko vifaa. Pancha nyingi hazipatikani ukiwa unaendesha, zinapatikana ukiwa unapumzika. Mtu amechoka, anaona mti, anakokota baiskeli nje ya barabara akaiegeshe kivulini. Mti gani? Mgunga. Chini ya mgunga kuna miiba ya miaka yote. Ukitaka kivuli, acha baiskeli barabarani au ibebe begani. Pia usifuate ukingo wa barabara wala vijia vya ng'ombe, shika alama ya matairi ya magari. Ukiona michirizi kama kuna kitu kimeburutwa kukatiza njia, shuka na utazame chini: watu huburuta matawi ya miiba kwenda kujengea boma, na yanadondosha.

Pancha ikitokea, fanya hivi. Kabla ya kutoa tairi, tazama valvu ipo mkabala na maandishi gani ya tairi (binafsi naweka jina la tairi kwenye valvu siku zote). Toa tyubu, ijaze upepo, itafute tundu kwa sikio au kwa shavu. Ukishalipata, lipime na valvu na urudi kwenye tairi sehemu ile ile, hapo ndipo mwiba ulipo. Watu huziba tyubu, wakarudisha, wakajaza, dakika kumi tairi limeshuka tena, kwa sababu kipande cha mwiba kimebaki kwenye tairi, kimekatikia ndani na hakionekani kwa juu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, pande zote, mara mbili. Kitambaa kitanasa. Usipitishe kidole kitupu, utajuta.

Soma na tundu lenyewe. Matundu mawili sambamba: umegonga jiwe ukiwa na upepo mdogo, ongeza upepo. Tundu upande wa ndani unaotazama ringi: kichwa cha spoku kimetokeza, au mpira wa kufunika spoku umehama. Tundu moja upande wa juu: mwiba, na geuza tyubu uangalie kama umetokea upande wa pili.

Kuziba: sugua na msasa mpaka mng'ao uishe, eneo kubwa kuliko kiraka. Kama kuna dawa inavuja, ifute na ukaushe kwanza, kiraka hakishiki kwenye unyevu. Paka solusheni nyembamba. Kisha subiri. Hapa ndipo watu huharibu: wanabandika ikiwa mbichi. Subiri mpaka ipoteze mng'ao na ukiigusa pembeni isivute uzi, dakika tano hivi, kwenye jua pungufu. Bandika, kandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje. Viraka vya kubandua na kubandika bila gundi ni vya dharura tu, joto linavibandua. Na solusheni iliyofunguliwa mwezi uliopita ibonyeze nyumbani uone kama bado ipo, maana inayeyuka ikabaki gamba tupu.

Beba tyubu mbili nzima kwa kila mtu, viraka kumi, solusheni mbili. Barabarani weka tyubu nzima na uondoke. Kuziba ni kazi ya jioni, gesti, na beseni la maji.

Hatua ya 5: Jumamosi, Moshi hadi Tarakea

Ondoka saa 12 asubuhi kabla mabasi ya Dar hayajajaa barabara ya Himo. Kutoka njiapanda ya Himo unashika kushoto kupanda Marangu. Kunywa chai Marangu Mtoni, kula vizito Mkuu: machalari au mtori. Mbege, pombe ya ndizi, utakaribishwa, na kumkatalia mzee si heshima. Sema, "Shikamoo mzee, nikirudi nitakaa," kwa sababu mbege ya saa sita na kilima cha Rombo havipatani. Siku hii ni kama kilomita 100.

Hatua ya 6: Kulala

Tarakea ni mji wa mpakani, gesti zipo. Omba chumba cha chini na uingie na baiskeli ndani. Kama unataka hema huko Rongai, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, ujitambulishe, uonyeshe kitambulisho. Ukilala kichakani karibu na mpaka bila taarifa, usiku utaulizwa maswali mengi na watu wenye tochi.

Simu itadaka mtandao wa Kenya. Chagua mtandao wa kwako kwa mkono, usiiachie ichague yenyewe, la sivyo salio litaondoka. Ramani ipakue kabla hujatoka Moshi.

Hatua ya 7: Jumapili, Tarakea hadi Boma Ng'ombe

Siku ndefu. Kutoka Kamwanga hadi Boma Ng'ombe peke yake ni karibu kilomita 100. Jaza maji Kamwanga, lita nne kwa mtu, na pakiti mbili za chumvi-sukari za duka la dawa. Ndizi mbivu na karanga zinatosha kukufikisha Ngarenairobi.

Kitendeni ni ushoroba wa tembo wanaotembea kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro. Usipite alfajiri wala jioni. Saa tatu au nne asubuhi ni muda mzuri. Kabla ya kuingia, simama kwa wachungaji, wasalimie Kimaasai. "Sopa!" Wakiitikia, uliza: "Ndugu zangu, tembo wamepita leo?" Wanajua tangu jana walilala wapi. Wakikuambia subiri, subiri. Ukiwaona mwenyewe, simama mbali, usipige kengele, usijipenyeze kati ya mama na mtoto, na usijaribu kushindana nao mbio kwenye kokoto ukiwa na mzigo.

Kuanzia Ngarenairobi unateremka. Furahia, lakini achia breki na kushika kwa vipindi, usizing'ang'anie moja kwa moja mpaka ringi ipate moto. Sanya Juu kuna chipsi na soda baridi.

Hatua ya 8: Boma Ng'ombe hadi Moshi

Kilomita 25 hivi, na ndizo sizipendi kuliko zote. Barabara kuu ina malori na mabasi ya Arusha, na mteremko wa Kikafu hauna huruma na mtu aliyechoka. Ukifika Boma kabla ya saa kumi na moja jioni, endelea, taa ya nyuma ikiwaka hata mchana. Ukichelewa, tafuta Hiace ya Moshi. Konda atataka nauli yako na ya baiskeli, na ya baiskeli ataitaja baada ya kuipandisha juu. Elewaneni bei ikiwa bado iko chini, na panda mwenyewe ukaifunge, cheni itazame juu.