Kuchagua hifadhidata nyepesi ya kutafutia mafaili: anza na neno "mvuvi"

Programu inayotafuta faili kwa kupekua folda moja baada ya nyingine hurudia kazi ileile kila anapobonyeza mtu. Dawa yake ni kupekua mara moja, kuandika jina, njia (anwani ya faili kuanzia folda ya juu), ukubwa, saa ya mwisho ya kubadilishwa na maandishi ya ndani kwenye hifadhidata, kisha kuiuliza hiyo. Kwa kompyuta moja ya ofisi, tuseme ya kumbukumbu za mialo (sehemu za kushushia samaki) Ilemela au Ukerewe, huhitaji seva. Unahitaji hifadhidata inayokaa ndani ya programu yenyewe na kuhifadhi vitu vyake kwenye faili.

Zinazotajwa sana ni SQLite, LMDB, LevelDB na DuckDB. DuckDB iache kwa ripoti: imeundwa kujumlisha safu ndefu, si kubadilisha mstari mmojammoja kila dakika. LevelDB hairuhusu programu mbili kuifungua kwa pamoja. LMDB ni ya kasi sana katika kusoma, lakini haijui maandishi, inajua ufunguo na thamani tu. Ufunguo wake kwa kawaida hauzidi baiti 511, na njia ndefu ya faili inaweza kupita hapo. Tena usipoitajia ukubwa wa juu mwanzoni hujaa kwenye mebibaiti 10 na kukataa kuandika. Ichukue kama unatafuta njia kamili tu. Wengine wote tunawaambia SQLite, kwa sababu ya FTS5, sehemu yake ya kutafuta maandishi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoamua. Mifano mingi utakayokutana nayo imeandikwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno, hivyo hushauri kutafuta kwa herufi za mwanzo. Kiswahili hubadilisha mwanzo: mvuvi, wavuvi, uvuvi, mtumbwi, mitumbwi. Anayeandika "mvuvi" hataliona faili la "orodha ya wavuvi". Kikata maneno (sehemu ya FTS5 inayogawa maandishi vipande vya kutafutiwa) cha porter hakisaidii, kinajua Kiingereza tu. Na LIKE '%vuvi%', amri ya SQL ya kutafuta kipande popote ndani ya neno, kwenye jedwali la kawaida husoma mistari yote, yaani umerudi kulekule.

Tumia kikata maneno cha trigram, kilichomo tangu toleo 3.34 la mwaka 2020. Hukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, hivyo ukiuliza shina "vuvi", si "mvuvi" zima, hupatikana popote lilipo:

CREATE TABLE faili (id INTEGER PRIMARY KEY, njia TEXT UNIQUE, ukubwa INTEGER, badiliko INTEGER);

CREATE VIRTUAL TABLE tafuta USING fts5(jina, matini, tokenize='trigram');

SELECT faili.njia FROM tafuta JOIN faili ON faili.id = tafuta.rowid WHERE tafuta MATCH ? ORDER BY rank LIMIT 50;

Gharama yake ni nafasi: faharasa ya namna hii hunenepa kuliko ya maneno mazima. Na neno la herufi mbili halirudishi kitu, basi mwambie mtumiaji aandike angalau tatu. Kwa mwalo na mialo, zinazofanana "alo" tu, uliza mwalo OR mialo. Ukiuliza "alo" peke yake utaletewa na malalo.

Halafu kuna ng'ombe. Kistari kile cha juu huvunja swali la SQL ukiliunga kwa mkono, kwa hiyo pitisha neno kupitia alama ya ? kama hapo juu. Hata hivyo FTS5 yenyewe italalamika mpaka ulizungushie neno alama mbili za kunukuu: "ng'ombe". Tena programu za kuandikia hupenda kuweka kistari kilichopinda, na kwa trigram hicho ni herufi nyingine kabisa. Geuza vyote kuwa kilichonyooka, wakati wa kuingiza na wakati wa kutafuta.

Kuingiza: usikamilishe muamala (kundi la maandiko yanayohifadhiwa kwa pamoja) kwa kila faili. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika humaliza miamala kama 60 kwa sekunde, hivyo mafaili 40,000 yatakula dakika 11 za kusubiri tu. Funga 1,000 hadi 5,000 ndani ya BEGIN na COMMIT moja. Usitumie INSERT OR REPLACE kwenye jedwali la faili: hufuta mstari na kuupa id mpya, na matini ya zamani hubaki yatima kwenye tafuta. Tumia ON CONFLICT(njia) DO UPDATE.

Umeme ukikatika katikati? Weka PRAGMA journal_mode=WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, la -wal) na PRAGMA synchronous=NORMAL. Unaweza kupoteza miamala ya mwisho, lakini faili haliharibiki, na faharasa hujengeka upya kutoka kwenye mafaili yenyewe. WAL haifanyi kazi kwenye folda ya mtandao inayoshirikiwa na kompyuta kadhaa. Weka hifadhidata kwenye diski ya ndani ya kila mashine. Nakala usichukue kwa kunakili faili la .db peke yake wakati programu inaandika, maana sehemu ya kazi iko kwenye la -wal. VACUUM INTO 'nakala.db' ni salama.

Kusasisha ni kulinganisha ukubwa na saa ya kubadilishwa, kisha kusoma upya yaliyotofautiana tu. Mtego uko kwenye flashi zenye mpangilio wa mafaili wa FAT32: saa huandikwa kwa hatua ya sekunde 2, na kwa saa za mahali. Ukiona programu inasoma upya flashi nzima na tofauti ni saa 3 kamili, hakuna kilichobadilika. Mashine moja imehesabu kwa saa za Afrika Mashariki na nyingine kwa UTC. Vumilia tofauti ya sekunde 2, na ile ya saa 3 kamili ipuuze kama ukubwa ni uleule.